Kichwa, Stima na Bob Ishirini

Kama ulikulia pande zetu, kati ya Embu na Meru, na uliwahi kushika padi ya TV game, unamjua. Hana mikono. Ni kichwa kikubwa cha kahawia chenye nyusi za hasira na meno mawili yamechomoza, na chini yake miguu miwili. Anatoka upande wa kulia akitembea polepole, hakuangalii, hakukimbizi. Ukimgusa, umekufa. Ukimrukia, anakuwa chapati.

Sisi wa Runyenjes tulimwita Kichwa. Binamu zangu wa Nkubu walimwita Askari, na likizo ya Agosti tungeweza kubishana juu ya jina hilo kutoka asubuhi hadi wakati wa kuleta ng'ombe. Hakuna aliyejua jina lake la kweli. Kaseti zetu hazikuja na kitabu. Zilikuja zimefungwa kwa nailoni, na karatasi juu imeandikwa 9999 katika 1, uongo mtupu, kwa sababu ukishuka kwenye ile orodha unakutana na gemu zilezile kama ishirini zikijirudia kwa majina tofauti. Mashine yenyewe ilikuwa kopi ya Famicom, ile Nintendo waliyoanza kuuza Japani mwaka 1983, iliyoigwa na viwanda vya Taiwan na China. Mjomba wangu alinunua yake Luthuli Avenue, Nairobi, siku moja alipopeleka miraa na ikalipa vizuri. Ya Nintendo yenyewe sikuwahi kuiona kwa macho nikiwa mtoto.

Jina nililipata nikiwa chuo, nilipopata intaneti ya kutosha kuuliza maswali ya kijinga. Kwa Kiingereza anaitwa Goomba. Kwa Kijapani ni Kuribo, jina linalotokana na kuri, yaani tunda la chestnut, ingawa amechorwa kama uyoga. Alitoka katika Super Mario Bros., gemu ya mwaka 1985 iliyoongozwa na Shigeru Miyamoto akiwa na Takashi Tezuka.

Kilichonishangaza ni kwamba karibu asiwepo kabisa. Adui wa kawaida wa gemu ile alikuwa kobe, yule ambaye ukimkanyaga anaingia ndani ya gamba, halafu unaweza kulipiga teke. Waliojaribu gemu kabla haijauzwa waliona kobe ni mgumu kwa mtu anayeanza. Alihitajika adui mwepesi, wa kukanyagwa mara moja na kuisha. Shida ni kwamba kazi ilikuwa karibu kukamilika na nafasi ilikuwa imekwisha. Gemu nzima ilipaswa kutoshea kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako leo haiwezi kuingia humo. Kwa hivyo walimchora Kichwa mara moja tu, na ili aonekane anatembea, kompyuta inaigeuza picha hiyohiyo kulia, kushoto, kulia, kushoto. Mtazame tena. Hatembei, anageuzwa kama mandazi kwenye mafuta.

Akili yake nayo ni ya nafasi ndogo. Anaenda mbele. Akigonga kitu anarudi. Akifika kwenye shimo anatumbukia bila kusita. Lakini walimweka mahali pa maana kuliko maadui wote, pale mwanzoni kabisa. Gemu haina maelezo, yeye ndiye maelezo. Ukisimama tu anakuua, na hapo umejifunza kuruka. Sekunde chache baadaye unagonga boksi na unatoka uyoga mwingine, huu wa kukusaidia, na kwa sababu umefanana naye unataka kuukimbia. Wakaweka bomba pale mbele ili uyoga ugonge, urudi, ukufikie upende usipende. Miyamoto mwenyewe ameeleza kwamba walipanga hivyo makusudi. Mimi niliukimbia siku ya kwanza, ukanipata, nikawa mkubwa, na binamu zangu wakacheka mpaka mmoja akadondosha chai.

Sasa, watoto wa Nairobi au wa Marekani walimpita Kichwa wakaendelea na maisha. Kwetu alikaa. Na sababu yake ni maji.

Ukishuka kutoka Runyenjes kuelekea Mbeere, hewa inakuwa ya joto, michai inaisha, kahawa inaisha, na ukiendelea unafika kwenye Tana na mabwawa ya Seven Forks. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, likafuata Kamburu, Gitaru, Masinga, halafu Kiambere mwaka 1988. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya stima ya Kenya ilitoka hapo, kwa mto unaoshibishwa na vijito vya Mlima Kenya na Nyandarua. Nyaya zilipita juu ya boma za watu zikienda Nairobi, na chini yake watu wakisoma kwa koroboi. Hilo halikuwa jambo la kushangaza kwetu. Ilikuwa kama mawingu, yapo juu na hayakuhusu.

Mvua zikakosa. Tana ikapungua, mabwawa yakashuka, na mwaka 2000 nchi nzima ikaingia kwenye mgao wa stima. Hata sokoni, ambako stima ilikuwepo, ilikuja na kuondoka. Na Super Mario Bros. haihifadhi chochote. Hakuna pa kuandika kwamba ulifika wapi. Stima ikipotea, ikirudi, unaanza upya, na anayekungoja ni nani? Kichwa, anakuja polepole kutoka kulia. Nadhani hakuna watoto walioonana naye mara nyingi kama sisi wa mwaka ule. Kuna mtu mmoja tu mtaani aliyedai amefika kwa binti mfalme, na hatukumwamini.

Nilikuwa na miaka tisa. Kulikuwa na kibanda nyuma ya soko, TV moja ya Great Wall, bob tano kwa laifu tatu. Stima ikipotea katikati ya laifu, hasara ni yako, hakuna kurudishiwa. Sheria hiyo iliandikwa kwa chaki ukutani.

Jioni moja nyanya alinipa bob ishirini ninunue mafuta ya taa. Alikuwa na chupa yake maalum, ya kijani, yenye kizibo cha gunzi. Mdogo wangu, wa miaka sita, alitaka kunifuata nami nikamkubalia. Tulipita kibandani. Nilisema nitacheza mara moja tu, kumi na tano zilizobaki zitanunua mafuta kidogo na nyanya hatajua. Nikafa kwenye shimo la dunia ya kwanza, ya pili. Nikalipa tena. Mara ya tatu nilikuwa naenda vizuri ajabu, nimepita kasri, niko mahali ambapo sijawahi kufika, maji kila upande na samaki, na mdogo wangu ananishika shati akisema twende. Stima ikapotea.

Ilirudi baada ya dakika kumi hivi. Nilikuwa na bob tano. Unajua nilifanya nini.

Tulifika nyumbani giza limeshika. Nyanya alikuwa jikoni kando ya moto, koroboi iko pembeni tupu. Akauliza, "Mafuta wapi?" Nikasema pesa alikuwa amebeba huyu, akaiangusha. Huyu ni mdogo wangu. Alinitazama tu. Hakusema mimi ndiye, sijui kama alikuwa na maneno ya kusema. Nyanya hakuwa mtu wa kupiga ovyo, lakini bob ishirini ilikuwa bob ishirini, na alichukua fimbo. Tulikula kwa mwanga wa moto. Hakuna aliyesoma usiku ule.

Miaka kumi na kitu baadaye, nikiwa chuoni nasoma juu ya gemu hii, ndipo nikakutana na kile kitabu kidogo kilichokuja na kaseti halisi, ambacho sisi hatukupewa. Kinaeleza kila adui kwa mstari mmoja au miwili. Kumbe Ufalme wa Uyoga ulivamiwa, na wenyeji wakageuzwa mawe na matofali, hayohayo tuliyokuwa tunayavunja kwa ngumi tukitafuta sarafu. Na Kichwa si mgeni aliyekuja na wavamizi. Ni wa nyumbani. Ni uyoga aliyewasaliti wenzake. Nilisoma hapo, nikafunga kompyuta nikaenda kutafuta chai.

Nyanya alifariki 2011, na sikuwa nimemwambia. Kile kibanda kiligeuka cha PlayStation, watoto wakaanza kulipia mechi za mpira, kisha kikawa duka la M-Pesa. Mashine ya mjomba iko Nkubu mpaka leo, juu ya kabati, waya zimetafunwa na panya.

Mdogo wangu sasa ni fundi wa stima Embu mjini, na hilo sikulitunga ili kupendezesha hadithi. Krismasi iliyopita nilimpakulia gemu kwenye simu, nikampa, nikamwambia nina kitu cha kumwambia kuhusu yale mafuta. Alishika simu, akabonyeza, Kichwa akatokea, akamgonga, akafa. Akajaribu tena, akafa tena.

"Hii ndiyo ulikuwa unacheza?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo.

Gemu alikuwa ameisahau kabisa. Lakini fimbo aliikumbuka, ilikuwa ya mkahawa, na aliniambia ilikatwa upande gani wa boma.