Shauri la Kazi Tanzania Bara: Kutoka kwa Bwana Shauri hadi Mahakama ya Kazi

Kwa manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga katika miaka ya 1920, sheria ya kazi ilikuwa kitu cha kuogopwa, si cha kukimbiliwa. Sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimhesabu aliyetoroka mkataba kuwa mkosaji wa jinai, wa kutozwa faini au kufungwa. Shauri lake lilisikilizwa mara nyingi na Bwana Shauri, afisa wa wilaya aliyekuwa pia msimamizi wa ukusanyaji wa kodi. Na kodi hiyo ndiyo iliyowasukuma wengi kwenda mashambani.

Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa kuandikishwa kwa sheria ya 1932, lakini vilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Pili. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma 1947, serikali ikalipeleka shauri kwa mwamuzi, na mishahara ikapanda. Mgomo wao wa 1950 uliishia kwenye ghasia, na chama chao kikavunjwa. Mwaka 1955 liliundwa shirikisho la vyama, TFL, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake. Mfanyakazi aliyeonewa enzi hizo alikuwa na silaha moja ya kweli, nayo ni mgomo.

Baada ya uhuru silaha hiyo ilinyang'anywa. Sheria ya 1962 iliweka hatua nyingi za usuluhishi kabla ya kugoma, kiasi kwamba mgomo halali ukawa jambo la nadra. Jeshi lilipoasi Januari 1964, viongozi wa vyama wapatao 200 walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, na chama kimoja tu, NUTA, kikaundwa kwa sheria ya Bunge. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi.

Mwaka huohuo ilitungwa Sheria ya Usalama wa Kazini, na haki inataka isifiwe kabla ya kulaumiwa. Kabla yake mwajiri aliweza kumfukuza mtu kwa neno moja. Sasa makosa na adhabu viliorodheshwa, kuanzia onyo hadi kufukuzwa papo hapo, na kamati ya wafanyakazi ilipaswa kushauriwa mahali pa kazi. Asiyeridhika alikwenda Bodi ya Usuluhishi, iliyokuwa na uwakilishi wa waajiri na wa NUTA. Kutoka hapo rufaa ilikwenda kwa Waziri, na neno lake ndilo la mwisho. Kifungu cha 28 kilizizuia mahakama za kawaida kusikiliza madai ya kufukuzwa kazi.

Utaratibu huo ulikuwa wa bei nafuu na karibu na watu. Kasoro yake ilimgusa hasa mfanyakazi aliyegombana na mwajiri na chama kwa pamoja, kwa mfano aliyeona kamati imekubali afukuzwe. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hakuwa na kingine cha kuhamia. Kwenye bodi alikikuta chama hichohicho, na juu ya bodi alikaa Waziri. Katika mashirika ya umma mwajiri mwenyewe alikuwa serikali. Ndiyo maana Mwongozo wa 1971 wa chama tawala, TANU, ulipokemea ubwana na unyapara wa viongozi, watu waliweka zana chini bila kuisubiri NUTA. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda chenyewe.

Mabadiliko ya 1975 yalimpa mwajiri aliyekataa amri ya kumrudisha mtu kazini njia ya kutokea: alipe fidia ya kisheria pamoja na mishahara ya miezi 12. Kipimo hicho cha miezi 12 kilidumu na kuingia hata katika sheria ya 2004.

Aliyetaka kwenda mbali zaidi alibaki na njia nyembamba, yaani kuiomba Mahakama Kuu itengue uamuzi wa Waziri kwa kuwa ulikiuka sheria au haki ya kusikilizwa. Kazi hiyo ilihitaji wakili, na wakili alihitaji fedha. Kamati ya Msaada wa Sheria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwapunguzia baadhi mzigo huo, na baadaye Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaongeza nguvu. Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba 1984 iliwapa mawakili hoja mpya.

NUTA iligeuka JUWATA, kisha OTTU mwaka 1991, na baadaye mfumo wa chama kimoja cha wafanyakazi ukaachwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na ile ya Taasisi za Kazi zilizifuta bodi na rufaa ya Waziri. Tangu 2007 mashauri huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na asiyeridhika huomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, yaani Mahakama ya Kazi. Zanzibar ina sheria zake. Mbele ya Tume mtu anaweza kuwakilishwa na chama chake, wakili au mwakilishi wake binafsi. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali hufikishwa ndani ya siku 30, na wengi hushindwa hapo kabla hoja zao hazijasikilizwa.

Mgogoro na chama nao ulipata mlango wake. Kifungu cha 53 cha sheria ya 2004 kinamruhusu mwanachama kukishitaki chama chake kinapovunja katiba yake, na Mahakama ya Kazi yaweza kutengua uamuzi, makubaliano au hata uchaguzi wa chama hicho.