Kitabu cha Kanuni na Matoleo Yake

Mchezo usio na kanuni ni vurugu. Wachezaji wa bao hawahitaji kitabu, maana kijana hujifunza kwa kuketi kando ya wazee na kutazama kete zinavyotembea. Lakini uko mchezo mmoja uliozaliwa Marekani ambao, kwa watu waliokaa mbali na watungaji wake, haukuwa na mzee wa kuufundisha ila kitabu chake. Historia ya kitabu hicho yatuuliza swali: je, yafaa wachapishaji kukipiga chapa upya kila mara kwa kanuni zilizobadilishwa?

Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons. Ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mchezaji mmoja husimulia safari na hatari zake. Wengine hujitia katika nafsi za mashujaa na kusema watakalotenda. Kisha dadu huamua kama wamefaulu au wameshindwa. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, na kila moja ilikuwa na vijitabu vitatu ndani ya kisanduku.

Vijitabu hivyo vilikuwa na upungufu. Viliandikwa kwa watu waliokwisha kuzoea michezo ya vita, navyo vilimtaka msomaji awe na kitabu kingine, Chainmail, cha mwaka 1971. Asiyekuwa nacho alibaki akikisia. Mwaka 1977 J. Eric Holmes, ambaye kazi yake ilikuwa utabibu wa ubongo, alizipanga kanuni upya kwa ajili ya wanaoanza. Hapa hapana ubishi: toleo jipya lilikuwa msaada, na kukataa kusahihisha kosa kwa kuheshimu kitabu ni kumwonea msomaji.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Kati ya 1977 na 1979 Gygax alitoa vitabu vitatu vikubwa zaidi, na toleo la pili likafuata mwaka 1989. Mwaka 1997 kampuni ya TSR, iliyokuwa ikiuchapa mchezo huo, ilinunuliwa na Wizards of the Coast, nayo ikatoa toleo la tatu mwaka 2000. Miaka mitatu tu baadaye vitabu vile vile vilitolewa tena vikiwa vimerekebishwa. Toleo la nne lilikuja mwaka 2008. La tano mwaka 2014, nalo likarekebishwa mwaka 2024.

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Mnunuzi ana haki ya kunung'unika: vitabu vyake ni vizima, lakini wenzake wamekwisha kuhamia kanuni nyingine, na mchezo huu hauchezwi peke yako. Aweza kushuku kwamba mchapishaji hatafuti ubora bali fedha. Kwa upande wa pili, mchapishaji asiyeuza hawezi kuwalipa waandishi wake, na mchezo usio na vitabu madukani hupata wageni wachache.

Ubishi huo ulizaa mgawanyiko mwaka 2008. Toleo la nne lilibadili mambo mengi hata baadhi ya wachezaji wakakataa kulifuata. Kampuni ya Paizo, ikitumia ruhusa iliyotolewa mwaka 2000 kwa yeyote atakaye kuzitumia kanuni za msingi, ilitoa mchezo wa Pathfinder mwaka 2009, uliojengwa juu ya kanuni za 2003. Kilichoachwa na mmoja kikawa mtaji wa mwingine. Wizards of the Coast nao, mwaka 2012, walivipiga chapa tena vile vitabu vitatu vya Gygax, na sehemu ya mapato ikatengwa kwa ajili ya ukumbusho wake, kwani alikuwa amefariki mwaka 2008.

Tendo hilo la 2012 latuonyesha njia. Kusahihisha na kufuta ni mambo mawili mbalimbali. Toleo jipya lafaa pale kanuni zinapokuwa na dosari au hazieleweki. Lakini mchapishaji na amwambie mnunuzi waziwazi yaliyobadilika, asiharakishe kutoa jipya kabla la kale halijatumika, na aliache la kale lipatikane kwa alitakaye. Akifanya hivyo, mgeni atapata mwalimu aliye bora zaidi, na mwenyeji hatanyang'anywa wake.