Hifadhi ya Watoto na Wanyonge katika Makanisa ya Chaani na Mombasa Bara

Hifadhi ya watoto na wanyonge, katika istilahi ya makanisa, ni jumla ya kanuni, desturi na nyadhifa ambazo jamii ya waumini hujiwekea ili mtoto, mgonjwa, mlemavu, mzee au mtu yeyote asiyeweza kujitetea asipatwe na madhara mikononi mwa wale waliokabidhiwa kumlea, kumfundisha au kumwombea. Wako wasemao ulinzi wa mtoto na wako wasemao usalama wa watoto; hapa limechaguliwa neno hifadhi kwa kuwa ndilo lililo karibu zaidi na amana, na mtoto aletwaye kanisani na mzazi wake ni amana, si mgeni.

Chaani na watu wake

Chaani ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Changamwe, magharibi ya kisiwa cha Mombasa baada ya kuvuka Makupa, jirani na Port Reitz, na wakazi wake aghalabu ni watu waliovutwa huko na bandari, reli, kiwanja cha ndege na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963: Wakamba, Wajaluo, Waluhya, Wataita na Wamijikenda, waliokuja na makanisa yao kama walivyokuja na lugha zao. Familia nyingi hupanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na milango kushoto na kulia. Baba akiwa zamu ya usiku bandarini na mama akitoka alfajiri kwenda sokoni au kufua nguo za watu, mtoto hubaki kwa jirani, na siku ambazo si za shule mahali panapompokea bila ada ni kanisani, kwenye kwaya, kwenye mafundisho ya kipaimara au kwenye shule ya Jumapili. Kwa sababu hiyo kanisa la Chaani, liwe la mawe na mnara au la mabati na turubai, lina watoto wengi kuliko lina watu wa kuwaangalia.

Asiyeijua hali hiyo na atazame kesha la Ijumaa. Jengo ni la mabati, milango miwili, viti vya plastiki, kinanda na ngoma. Ifikapo saa nne za usiku watoto wamekwisha lala juu ya leso zilizotandikwa nyuma ya vipaza sauti, na mama zao wamesimama mbele, macho wameyafumba katika sala. Mtoto akiamka kutaka kwenda chooni, choo ki nje, ng'ambo ya uwanja usio na taa, na atakayemshika mkono kumpeleka ni yeyote aliye karibu na mlango. Mtu mwovu hahitaji hila nyingi mahali pa namna hiyo. Humtosha kusifiwa kuwa ni mtumishi mwaminifu apendaye watoto.

Asili: Freretown na kengele yake

Historia ya kanisa la Pwani imefungamana tangu mwanzo na watoto waliopotelewa na wazazi. Baada ya mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, ambao kwao Sultani Barghash bin Said wa Unguja alifunga masoko ya watumwa, manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi baharini zilihitaji mahali pa kuwateremsha waliookolewa, na chama cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kwa mkono wa kasisi William Salter Price aliyefika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1874, kikanunua ardhi upande wa Kisauni, kikaiita Freretown kwa jina la mjumbe wa Kiingereza, Sir Bartle Frere. Miongoni mwa walioteremshwa walikuwamo watoto wasio na baba wala mama wa kuulizwa habari zao, wakalazwa katika mabweni, wakasomeshwa, wakafundishwa kazi za mikono, hata misheni ikawa kwao mzazi, mwalimu, tajiri na hakimu kwa pamoja.

Kengele iliyotundikwa huko, ambayo imeupa mtaa wa Kengeleni jina lake, yasimuliwa kuwa ilipigwa kuwaonya wakazi kila walipoonekana wafanyabiashara wa watumwa wakija. Ilikuwa kinga ya hatari itokayo nje. Hatari ya ndani ya boma haikuwa na kengele, nayo ilidhihirika upesi: msimamizi J. R. Streeter, ambaye hakuwa kasisi, alituhumiwa kuwapiga watu wa Freretown viboko vikali na kuwatia kifungoni, tuhuma hizo zikachunguzwa na maafisa wa Kiingereza mwaka 1881, na mwishowe Streeter akaondoka. Lifaalo kuzingatiwa ni kwamba uchunguzi huo ulitoka nje ya misheni. Aliyepigwa hakuwa na wa kumshtakia ndani, kwa maana aliyempiga ndiye aliyempa chakula, na walioishi pamoja na msimamizi huyo waliona fedheha ya kanisa kuwa nzito kuliko maumivu ya mtu.

Rabai, kituo kilichoasisiwa na wamisionari Krapf na Rebmann katika miaka ya 1840, kina kisa cha namna nyingine. Huko alitumika William Jones, aliyekuwa mtumwa utotoni, akakombolewa na kusomeshwa Bara Hindi, akapewa ushemasi mwaka 1885 pamoja na Ishmael Semler kwa mikono ya Askofu James Hannington. Watumwa watoro walikimbilia Rabai kwa mamia wakapata sitara, ilhali mabwana zao waliwadai, hata tarehe 1 Januari 1889 wakapewa hati za uhuru baada ya George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki kuafikiana na mabwana hao juu ya fidia. Mwandishi hasiti kusema kuwa mtu kama Jones, aliyeonja mwenyewe madhila ya utotoni, aliifahamu maana ya hifadhi kuliko wengi waliokuja kuihubiri.

Katika zama za karibu kazi ijulikanayo zaidi ni ile ya Solwodi, iliyoanzishwa Mombasa mwaka 1985 na mtawa Lea Ackermann kwa ajili ya wanawake walionaswa katika biashara ya miili yao. Taarifa ya UNICEF ya mwaka 2006 juu ya utalii wa ngono katika Pwani ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wa wilaya za Malindi, Mombasa, Kilifi na Kwale walikuwa wakitumiwa kwa njia hiyo.

Sheria

Kwa mujibu wa sheria ya Kenya mtoto ni mtu asiyetimiza miaka 18. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kulindwa na kila namna ya dhuluma, na kuamuru kuwa maslahi yake yatangulizwe katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imechukua mahali pa ile ya 2001. Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, iliyopelekwa bungeni na mbunge Njoki Ndung'u, ndiyo kali zaidi: amnajisiye mtoto wa miaka 11 au chini yake hukumu yake ni kifungo cha maisha; wa miaka 12 hadi 15, kifungo kisichopungua miaka 20; wa miaka 16 hadi 18, kisichopungua miaka 15. Kifungu cha 24 kinawataja mahsusi walio katika nafasi ya kuaminiwa wanaotumia nafasi hiyo kumwingilia aliye chini yao, na mchungaji, katekista au mlezi wa vijana asijidhanie kuwa yu nje ya maneno hayo.

Mambo mawili ya sheria juu ya makosa haya hayajulikani mitaani kama ipasavyo. La kwanza ni kwamba, kwa kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi, mahakama yaweza kumtia mtu hatiani katika kosa la kijinsia kwa neno la mtoto peke yake, maadamu hakimu ameridhika kuwa mtoto asema kweli na ameandika sababu za kuridhika kwake. Basi lile neno la wazee kwamba hakuna shahidi halina nguvu ya kulizima shauri. La pili ni kwamba uamuzi wa kuliacha shauri la namna hii hauko kwa mzazi, wala kwa chifu, wala kwa baraza la kanisa, bali sheria iliuweka mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, na kazi ya mashtaka sasa ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa takriban asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume wa umri wa miaka 18 hadi 24 walitendewa dhuluma ya kingono kabla ya kufikia miaka 18. Ule wa mwaka 2019 ulitoa asilimia 15.6 na 6.4. Nafuu hiyo ni kubwa, walakini hata hesabu hiyo ndogo, ikiwekwa mbele ya kwaya ya watoto arobaini, si jambo la kustarehea.

Kanuni za makanisa

Kanisa Katoliki, ambalo Jimbo Kuu lake la Mombasa limo chini ya Askofu Mkuu Martin Kivuva Musonde, hufuata waraka wa Papa Fransisko wa Mei 2019, uliothibitishwa upya mwaka 2023, unaowalazimisha mapadri na watawa kutoa habari kwa wakuu wao pindi wapatapo sababu ya kuamini kuwa dhuluma imetendeka. Na mnamo Desemba 2019 Papa aliondoa siri ya kipapa katika mashauri hayo. Siri ya kitubio haikuguswa. Kwa Waanglikana, Baraza la Ushauri la Kianglikana lilikubali mkataba wa usalama wa watu mwaka 2012, likaunda tume ya kanisa salama mwaka 2016 mjini Lusaka, likapitisha mwongozo mwaka 2019. Kwamba mwongozo hautoshi peke yake kulidhihirika Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alipojiuzulu kwa sababu ya shauri la John Smyth, mwanasheria aliyewatesa wavulana Uingereza kisha, wakubwa wakijua na kunyamaza, akahamia Zimbabwe na kuendelea na wavulana wa huko katika kambi zake.

Makanisa ya Kipentekoste na yale yanayojitegemea, ambayo ni mengi Chaani, kila moja lina utaratibu wake, na mara nyingi utaratibu huo ni mchungaji mwenyewe.

Palipo na bidii, kanuni huwa nyepesi: mwalimu wa watoto alete cheti cha tabia njema kutoka polisi, mtoto asifundishwe wala kuombewa faraghani na mtu mzima mmoja, bali wawe wawili na mlango uwe wazi, na liwepo daftari lenye jina la mtoto, aliyemleta, na aliye na ruhusa ya kumchukua.

Mwendo wa shauri

Jambo likitokea, saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Mtoto asiogeshwe, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa maana unyevu huharibu ushahidi. Apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ziwe na faida. Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo maalumu cha waliodhulumiwa tangu mwaka 2007. Polisi wana dawati la jinsia, na hapo ndipo inapotolewa fomu ya P3. Simu ya watoto ya 116 hupigwa bila malipo.

Hiyo ndiyo njia ya kitabu. Njia ya mtaani huanza kwa wajumbe wa kanisa kuja jioni, kwa upole na taadhima, wakakalishwa ukumbini, wakamwambia mama wa mtoto: "Dada, jambo hili tulizungumze nyumbani, tusilipe jina la Bwana aibu." Kisha hutajwa fidia, hutajwa msamaha, na mtuhumiwa huhamishiwa tawi jingine, Mikindani au Likoni, ambako hakuna aijuaye habari yake. Sitara ni fadhila tukufu katika mila za Pwani, na asitiriye aibu ya mwenziwe hupata sifa. Bali kumsitiri mwenye nguvu kwa kumwacha mtoto uchi wa kinga si sitara, ni khiyana, na mwandishi anaona kuwa hapa ndipo penye shina la mas-ala yote, zaidi ya uchache wa sheria au wa fedha.

Watu wazima walio dhaifu

Waraka wa Papa wa 2019 unamhesabu kuwa mnyonge kila mwenye ugonjwa, upungufu wa mwili au akili, au aliyenyimwa uhuru kiasi cha kushindwa kufahamu au kukataa anachotendewa. Katika Changamwe hao ni pamoja na wagonjwa wa akili, ambao baadhi ya jamaa zao huwapeleka kwenye maombi ya kufunga na kukemea mapepo kabla ya kuwapeleka hospitali ya Port Reitz, iliyo karibu nao na yenye wodi ya maradhi hayo. Wanyonge ni wazee pia: huko Kilifi na Kwale baadhi yao wameuawa kwa kusingiziwa uchawi.

Shakahola na baada yake

Aprili 2023 yaligunduliwa makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya wafuasi wa Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International, waliodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Dalili zilitangulia: mwaka 2017 Mackenzie alikwisha kamatwa kwa kuwazuia watoto wasiende shule. Januari 2024 yeye na wenziwe walishtakiwa katika mahakama ya watoto ya Tononoka, Mombasa, kwa mateso na ukatili kwa watoto na kwa kuwanyima elimu, wakakana.

Serikali ilikwisha jaribu mwaka 2016 kuweka kanuni za kuwataka wachungaji wawe na vyeti vya elimu ya dini na vya tabia njema, ikarudi nyuma makanisa yalipopinga. Baada ya Shakahola, Rais William Ruto aliunda jopo chini ya kasisi Mutava Musyimi, likakabidhi taarifa yake Julai 2024 pamoja na mapendekezo ya sheria mpya ya mashirika ya dini. Makanisa madogo ya Chaani huandikishwa kwa Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo humtaka mwombaji ataje jina la chama, wasimamizi wake na katiba yake, wala haimwulizi watoto watalala wapi usiku wa kesha, na nani atawapeleka chooni.