Jina la faktori ya shosho liko kwa menyu. Sasa?

Mwezi jana niliingia mkahawa mmoja hapa Nairobi, ule wa viti vya mbao na plagi kila mahali. Kikombe, 350 bob. Kwa menyu walikuwa wameandika jina la faktori iliyotoa kahawa hiyo, Kirinyaga. Wasee, nilishtuka. Hiyo ndiyo faktori shosho wangu hupeleka kahawa yake tangu mamangu hajazaliwa. Nikampigia simu hapo hapo. "Shosho, kahawa yenu inauzwa huku." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Ni tamu?"

Swali hilo lilinimaliza. Huyu mama amechuma kahawa zaidi ya miaka hamsini na hajawahi kuonja yake. Kwetu tunakunywa chai.

Siku hizi utasikia sana vile wakaangaji wa kahawa ya hali ya juu "wanashirikiana" na familia za wakulima. Mimi naunga mkono. Lakini tukiongea kana kwamba ni wema mpya ulioshuka kutoka ng'ambo, tunasahau kitu: shosho hakukosa kuonja kahawa yake kwa bahati mbaya. Mambo yalipangwa hivyo.

Wamisionari Wakatoliki kutoka Ufaransa walipanda kahawa Bura, kule Taita, mwaka wa 1893. Walowezi wakaifanya yao. Mwafrika aliruhusiwa kuichuma, si kuipanda. Aliambiwa ataeneza magonjwa na kushusha ubora. Kile hawakusema kwa sauti ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haendi kuchuma ya mwingine kwa mshahara wa machozi. Miaka ya 1930 serikali ikaruhusu majaribio madogo sehemu kama Kisii na Meru, basi.

Huku Kati, mlango ulifunguka hasa na Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Cheki pia Harry Thuku: mwaka wa 1922 alikamatwa kwa kupinga kodi na kipande. Mwaka wa 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi kwa bodi ya KPCU, chama kikubwa cha wakulima wa kahawa. Ni miaka 37 kati ya pingu na hicho kiti.

Lakini mkulima mdogo aliingia kwa mfumo uliokuwa umeshajengwa bila yeye. Unapeleka matunda faktori, faktori ni ya chama cha ushirika, kahawa inaenda kwa mill, halafu mnada wa Nairobi, ambao ulianza wakati kahawa ilikuwa ya walowezi. Siwezi kusema mnada ulikuwa mbaya wote. Wanunuzi walionja, wakashindana, na kahawa nzuri ikalipwa vizuri. SL28, aina iliyochaguliwa kwa maabara ya Scott kule Kabete, ilitupa sifa dunia nzima. Shida ni kwamba aliyeonja hakujua shosho, na shosho hakujua nani ameonja. Pesa zilikuja baada ya miezi, zikiwa zimekatwa hapa na pale.

Halafu 1989 mkataba wa kimataifa uliogawa mauzo kwa mafungu ukavunjika. Bei ikaanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilikuwa inatoa karibu tani 130,000 kwa mwaka. Leo hatufikii hata nusu ya hizo. Watu waling'oa miti. Ukipita Kiambu leo uone ploti na gorofa, jua nyingi zimesimama juu ya mashina ya kahawa.

Ni mwaka wa 2006 ndipo wakulima wakaanza kuruhusiwa kuuza nje bila kupitia mnada. Wakati huo wakaangaji kama Intelligentsia wa Chicago walikuwa wanavumisha biashara ya moja kwa moja: nenda shambani, onja, lipa zaidi kwa ubora, rudi mwaka ujao. Kwa hivyo ushirikiano huu ni haki iliyochelewa, ya kumjua anayenunua jasho lako.

Sasa tupige hesabu. Kilo saba hivi za matunda hutoa kilo moja ya kahawa mbichi. Ukiikaanga inabaki kama gramu 850. Kikombe kimoja kikila gramu 18, hapo kuna vikombe 47. Kwa 350 bob, ni zaidi ya 16,000. Msimu huo shosho alilipwa 80 bob kwa kilo ya matunda: 560. Najua mkahawa unalipa kodi ya nyumba, maziwa, stima na barista. Siwaiti wezi. Lakini kuweka jina la faktori kwa menyu peke yake si ushirikiano. Hilo ni tangazo.

Ushirikiano mimi nitaupima kwa maswali manne. Bei ya mkulima iko wapi, imeandikwa? Alilipwa lini? Mtanunua tena mwaka ujao mvua ikikataa? Na mkishachagua ile AA tamu, nani anabaki na mbuni na punje ndogo? Mti ni ule ule, na mbolea haiuzwi kwa gredi. Mkaangaji mwenye majibu, mimi nitamtangaza bure.

Nilinunua pakiti moja nikaenda nayo ushago. Nikachemsha maji kwa jiko, nikachuja na kitambaa safi, nikampa shosho kikombe. Akaonja, akakunja uso. "Kumbe ni chungu hivi? Ongeza sukari." Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baadaye akageuza pakiti, akasoma jina la faktori yake polepole, kidole kikifuata herufi. Akaniangalia. "Na huyu mwenye mkahawa, anajua pesa ya msimu huu bado hatujapata?"

Hajui, shosho. Lakini Jumatatu nikirudi huko, nitamuuliza kabla sijaagiza.