Daiquiri Haikuvumbuliwa na Bosi wa Mgodi

Ukitafuta jinsi ya kutengeneza daiquiri, kila msee mwenye kamera atakupa hadithi ileile. Ati karibu mwaka 1898, injinia Mmarekani anaitwa Jennings Cox, bosi kwenye mgodi wa chuma kule Daiquirí, mashariki mwa Cuba, alikuwa na wageni kwake. Jini ikaisha (ile ya chupa, sio yale ya Mombasa). Akachukua ramu ya hapo, akakamulia ndimu, akatia sukari na barafu, na dunia ikapata kokteli mpya. Makofi. Sabskraibu.

Hiyo hadithi imenichosha, na sio juu yote ni uongo. Mgodi ulikuwepo. Cox alikuwepo. Kuna hata kadi ya mapishi inayosemekana ni yake, ya watu sita: ndimu, sukari, Bacardi, maji na barafu iliyopondwa. Kinachonikera ni neno “alivumbua”. Ni kama vile Speke “aligundua” ziwa mwaka 1858 wakati watu walikuwa wanavua samaki hapo tangu enzi za mababu.

Lakini kwanza tutengeneze, ndio tujue tunaongelea nini. Kama hujafika miaka 18, weka maji ya soda mahali pa ramu. Historia ni ileile. Chukua jari tupu ya pinati bata, ile yenye mfuniko unaofunga vizuri, uioshe mpaka harufu iishe. Yeyusha sukari kwenye maji ya moto, kipimo kwa kipimo, upate shira, halafu uiache ipoe. Kamua ndimu sasa hivi, sio jana, na usinunue ile juisi ya chupa. Kwa glasi moja: vijiko vikubwa vinne vya ramu nyeupe, viwili vya ndimu, kimoja na nusu cha shira. Jaza barafu, funga, tikisa kwa nguvu kama sekunde 15 mpaka jari iumize mikono kwa baridi. Chuja kwa chujio la chai. Ndio hiyo. Haina matunda ya kopo, haina mwavuli wa karatasi, haina rangi nyekundu. Vitu vitatu tu na baridi.

Sasa angalia hivyo vitu vitatu vizuri.

Kidato cha pili tulichora ile pembetatu ya biashara ya Atlantiki. Mshale kutoka Ulaya kuja Afrika, mshale kwenda Amerika, mshale kurudi. Kando ya mshale wa kwanza kulikuwa na orodha ya bidhaa: bunduki, vitambaa, shanga, ramu. Tukakariri, mtihani ukaisha, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba ramu pale si kama shanga. Shanga zilitengenezwa Ulaya. Ramu ilitoka kwenye miwa iliyolimwa na watu walionunuliwa Afrika, kisha ikaletwa Afrika kununua watu wengine. Soma hiyo tena polepole.

Ilianza hivi. Waingereza walishika Barbados mwaka 1627, na kufikia miaka ya 1640 wakaanza kulima miwa kwa fujo. Ukichemsha maji ya miwa upate sukari, hubaki ule uji mweusi mzito, molasi, ile wakulima wetu huchanganya na nyasi za ng'ombe. Mwanzoni ilikuwa takataka. Halafu watu wa mashamba wakaona ukiichanganya na maji na kuiacha, inachachuka yenyewe. Ukiichemsha na kupoza mvuke, unapata kitu kikali sana. Yaani kanuni ni ileile ya chang'aa, tofauti ni mali ghafi na nani anakushika. Mwingereza mmoja, Richard Ligon, aliyekaa Barbados kati ya 1647 na 1650, alikiandika kwenye kitabu chake cha 1657. Jina lake wakati huo lilikuwa Muua Shetani. Sijui kwa nini hawakuliacha hivyo, ni jina kali kuliko ramu.

Kinu cha miwa kilikuwa na magogo matatu yanayozunguka, na mtu alisukuma miwa katikati kwa mikono, usiku na mchana wakati wa mavuno. Usingizi ukikushika, magogo yanashika vidole. Karibu na kinu kuliwekwa shoka au panga. Kazi yake haikuwa kukata miwa. Ilikuwa ya kukata mkono wa mtu kabla mwili wote haujavutwa ndani. Hii si hadithi ya kutisha watoto, iliandikwa na wageni waliotembelea mashamba hayo visiwani.

Na ile molasi nyingine ilipakiwa melini kwenda New England. Rhode Island, kajimbo kadogo kuliko kaunti zetu nyingi, kalijaa viwanda vya kupika ramu. Meli zake zilibeba mapipa hadi pwani ya Ghana, na bei ya binadamu ikahesabiwa kwa galoni. Kati ya mwanzo wa karne ya 18 na 1807, meli za jimbo hilo pekee zilibeba zaidi ya Waafrika 100,000. Jimbo moja!

Najua mtu atasema hiyo ni Afrika Magharibi, sisi huku tulikuwa na Waarabu. Pole, buda. Mwaka 1776 Mfaransa anaitwa Jean-Vincent Morice alitia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watu 1,000 kila mwaka. Walikuwa wanapelekwa visiwa vya Wafaransa kwenye Bahari ya Hindi, Mauritius na Réunion. Na kutoka pwani ya Msumbiji, meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema zikafika mpaka Karibi, Cuba ikiwemo. Kwa hivyo mtu aliyekata miwa karibu na Santiago huenda alikuwa na maneno ya Kibantu mdomoni, na angekuelewa ukimwomba maji.

Kwa nini Cuba? Juu ya Haiti. Wakati huo ikiitwa Saint-Domingue, ndiyo iliyokuwa inatoa sukari nyingi kuliko koloni lolote. Agosti 1791 watumwa wakawasha moto mashamba, wakapigana miaka 12, na tarehe 1 Januari 1804 wakawa nchi huru. Soko la sukari likabaki na pengo, na matajiri wa Cuba wakalirukia. Hispania iliahidi kwa mkataba kwamba biashara ya watumwa itakoma mwaka 1820. Meli ziliendelea kuja hadi miaka ya 1860. Utumwa wenyewe uliisha Cuba mwaka 1886, yaani miaka 12 tu kabla ya Cox kukosa jini.

Facundo Bacardí alianza kiwanda chake Santiago de Cuba mwaka 1862. Alichofanya kilikuwa kikubwa kweli: alichuja ramu kwa makaa na kuifanya nyepesi na safi, badala ya ile iliyochoma koo. Sitamnyima sifa hiyo. Lakini fanya hesabu ya miaka, 1862 na 1886, halafu ujiulize nani alikuwa shambani akikata miwa iliyotoa molasi.

Ndimu nayo ina kesi yake, fupi. Mabaharia wa Uingereza walikuwa wanapewa ramu kila siku, na mwaka 1740 Admirali Vernon akaamuru ichanganywe na maji, juu ya ulevi. Baadaye maji ya ndimu na limau yakaingia kwenye mgao kuzuia kiseyeye. Kwa hivyo ramu, ndimu na sukari zilikuwa kwenye kikombe kimoja zaidi ya miaka mia moja kabla Cox hajazaliwa. Hapo tu kesi ya uvumbuzi imeanguka.

Lakini kuna ushahidi wa karibu zaidi, na ndio unaniuma.

Tarehe 10 Oktoba 1868, tajiri wa sukari anaitwa Carlos Manuel de Céspedes alipiga kengele ya shamba lake, La Demajagua, akawaambia watumwa wake wako huru, na akawaalika wapigane na Hispania. Vita hivyo vilidumu miaka 10. Wapiganaji waliitwa mambises, na wengi wao walikuwa Weusi. Jenerali wao maarufu kuliko wote, Antonio Maceo, alikuwa mtu wa Santiago, na aliuawa vitani Desemba 1896. Kinywaji kinachohusishwa na hao wapiganaji kinaitwa canchánchara: pombe kali ya miwa, asali na ndimu. Wakinywa porini, kuzuia baridi na kujipa nguvu. Sasa weka canchánchara kando ya daiquiri. Toa asali, weka sukari. Ongeza barafu. Umemaliza.

Barafu ndiyo namwachia Cox. Kule porini hakukuwa na barafu, na ndiyo inabadilisha kinywaji kabisa; ukitikisa, baridi inapunguza ukali na maji yanayoyeyuka yanalainisha ndimu. Lakini barafu kwenye joto la Cuba miaka hiyo ilikuwa kitu cha watu wenye doh. Bosi wa kampuni anayo, mchimba chuma hana. Ukiniuliza mimi, tofauti ya canchánchara na daiquiri ni mshahara.

Halafu tarehe 22 Juni 1898, wanajeshi wa Marekani walishuka ufukwe uleule wa Daiquirí, Theodore Roosevelt akiwa kati yao. Walikuja kupigana na Hispania, na Wacuba wa Jenerali Calixto García, ambao walikuwa wamepigana miaka mitatu mfululizo, wakawasaidia kushuka. Mwezi uliofuata Santiago ikasalimu amri. Jenerali Mmarekani, Shafter, akakataza jeshi la García kuingia mjini. Jiji lao wenyewe. García akaandika barua kali, akajiuzulu. Vitabu vingi vikaandika kwamba Marekani iliikomboa Cuba, na miaka michache baadaye, 1903, Marekani ikapata Guantánamo, ghuba iliyo mashariki ya hapo, ambayo iko nayo mpaka leo.

Kwa hivyo unaona kwa nini siwezi kucheka na ile hadithi ya jini kuisha. Ufukwe uleule na mwaka uleule vinatupa hadithi mbili, na zote mbili Mmarekani anafika kitu kikiwa karibu tayari, halafu jina linabaki lake. Cox hakuwa mtu mbaya ninayemjua. Ni vile yeye alikuwa na wageni wa kuisambaza hadithi.

Kuhusu Hemingway nitapita haraka, maana ameongelewa vya kutosha. Ndiyo, ni yule aliyekuja kuwinda huku kwetu mwishoni mwa 1933. Ndiyo, alikunywa daiquiri baa ya Floridita, Havana, bila sukari na ramu maradufu. Mtu wa kujua pale ni aliyesimama upande wa pili wa kaunta, Constantino Ribalaigua, mzaliwa wa Catalonia, aliyesaga barafu kwa mashine miaka ya 1930 na kuifanya daiquiri iwe kama theluji. Sanamu kwenye hiyo baa ni ya mteja.

Nyumbani siku hizi natengeneza ya mambises zaidi. Kijiko kikubwa cha asali kwenye kikombe, asali halisi ya Baringo au Kitui kama unaweza kuipata, sio ile shira ya rangi. Lainisha na kijiko kimoja cha maji ya vuguvugu. Kamua ndimu moja nzima, koroga mpaka asali iachane na kijiko, ndipo umimine ramu vijiko vitatu au vinne. Barafu ukipenda. Ni nzito kuliko daiquiri, inabaki kooni, na ikikaa dakika mbili inakuwa tamu zaidi.