Umbali wa Kusawazishia: Historia ya Dhana Moja ya Bunduki

Neno "umbali" ni jepesi machoni pa mfasiri. Lakini linapoandikwa katika kanuni za uwindaji, huweza kuficha mambo matatu yasiyofanana: nafasi iliyopo kati ya mwindaji na mnyama, mwisho wa safari ya risasi, na umbali ambao bunduki imerekebishwa ili risasi ipige pale pale jicho linapolenga. Katika makala haya tunakusudia kufuata historia ya dhana hii ya tatu, kisha tuipendekezee istilahi.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Huanza kuanguka mara tu itokapo mtutuni. Kwa sababu hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo kuliko mstari wa jicho. Risasi huukata mstari huo karibu na mpigaji, hupita juu yake, kisha hushuka na kuukata mara ya pili. Pale pa pili ndipo palipochaguliwa na mwenye bunduki. Akichagua mbali mno, risasi itapita juu ya mnyama aliye katikati ya njia. Akichagua karibu mno, itaanguka chini ya mnyama aliye mbali.

Wazee wa Nyamwaga na vijiji vya jirani hawakuwa na haja ya hesabu hiyo. Silaha ya Wakurya ilikuwa upinde na mishale, nayo yataka mwindaji amkaribie mnyama. Hata gobori, linaloshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, halikuibadili sana hali hiyo. Ndiyo maana msamiati wetu wa zamani wa bunduki ni tajiri kwa viungo na vifaa vyake: mtutu, kitako, baruti, fataki, na risasi, ambayo pia ni jina la madini yenyewe. Tena tunayo "shabaha" na "kulenga". Lakini hatukurithi neno la umbali uliochaguliwa kabla ya kulenga, kwa kuwa silaha yenyewe haikuwa na mahali pa kuuweka.

Mahali hapo palikuja na majeshi ya kikoloni. Bunduki za Mauser za jeshi la Kijerumani zilikuwa na kilengeo cha nyuma chenye tarakimu za mita. Na baada ya risasi mpya yenye ncha kuanza kutumika mwanzoni mwa karne ya 20, kilengeo cha bunduki ya mwaka 1898 kilianzia mita 400. Waingereza walipoitawala Tanganyika walikuja na Lee-Enfield, ambayo kilengeo chake kilihesabu yadi, kuanzia 200 hadi 2,000. Wakurya wengi waliingia katika King's African Rifles, wakajifunza tarakimu hizo katika viwanja vya shabaha.

Hapa pana tofauti ambayo mfasiri hana budi kuiona. Umbali wa askari ulichaguliwa kwa ajili ya uwanja wa vita. Wa mwindaji huchaguliwa kwa kufuata nchi na mnyama. Mtu anayeondoka Nyamwaga kuelekea kusini, akauvuka Mto Mara, hukuta kaskazini mwa Serengeti nchi ya vilima, miti na vichaka; akiendelea hadi kusini-mashariki hukuta mbuga tupu ya majani mafupi. Bunduki iliyowekwa mita 400 ingempiga nyati aliye hatua hamsini kichakani juu ya pale palipolengwa. Kwa mfano mwingine, bunduki ya .375 ya Holland & Holland, iliyotokea mwaka 1912, ikiwekwa yadi 200, risasi yake nzito huwa juu ya mstari wa jicho kwa inchi 2 hadi 3 tu katika yadi 100. Tofauti hiyo mwindaji aweza kuivumilia. Ndiyo sababu ya kuchagua, wala si kukisia.

Vipimo navyo vimeleta utata. Yadi 200 ni mita 183, na yadi 300 ni mita 274. Mfasiri anayebadili jina la kipimo na kuiacha tarakimu amekwisha kuishusha risasi, na kadiri umbali unavyozidi ndivyo kosa linavyokua. Matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa, na nyati aliyejeruhiwa huweza kumwua anayemfuata.

Kwa hiyo tunapendekeza maneno matatu. "Upeo wa risasi" liwe mwisho wa kufika kwake. "Umbali wa kupigia" liwe nafasi iliyopo wakati wa kufyatua. Na "umbali wa kusawazishia" liwe umbali ule uliochaguliwa, kutokana na "kusawazisha bunduki", yaani kupatanisha mstari wa jicho na njia ya risasi. Kauli ya kutendea imebeba maana yote: hapa ndipo tunaposawazishia. Neno "sifuri", ambalo baadhi ya wafasiri wangelichukua kutoka Kiingereza, halifai. Msomaji atadhani kwamba hakuna umbali kabisa.

Walimu wa askari wa wanyamapori na waandishi wa kanuni wayajaribu maneno haya kazini. Istilahi huthibitishwa na matumizi, na hapa matumizi yenyewe yanahusu uhai wa mtu na mnyama.