Kukaa vizuri juu ya pikipiki: mambo ambayo wamotari wa Kailo wanaweza kuchota kwa wapanda farasi

Kwetu Maniema, karibu kila kitu kinapita juu ya kiti cha pikipiki: mawese, mchele, muhogo, wagonjwa, hata mama anayeenda kuzaa. Tunasema mingi juu ya bei ya mafuta na juu ya vizuizi vya njiani. Namna motari anavyokaa, hapo tunanyamaza. Na huku mgongo wake ndio unaharibika mbele ya mashini, na mgongo hauna duka la vipuri.

Mtu anayetoka Kindu kwenda Kailo anavuka kwanza mto mpaka Alunguli, kisha anashika barabara ya udongo. Mvua ikinyesha, udongo unateleza kama sabuni. Kiangazi, kingo za mashimo zinakauka na kuwa ngumu kama tofali. Shimo linapiga gurudumu, gurudumu linapiga kiti, kiti kinapiga uti wa mgongo. Wataalamu wa afya ya kazi walipima jambo hili: kwa mtu aliyekaa, uti wa mgongo unaumia zaidi wakati mtikisiko unakuja mara 4 mpaka 6 hivi kwa sekunde. Hapo mwili haupunguzi tena mtikisiko, unauongeza. Na amotisere ya pikipiki ndogo iliyobeba watu wawili na bidoni za lita 20 imekwisha kushuka chini, haina tena nafasi ya kucheza. Amotisere inayobaki ni motari mwenyewe.

Sasa, kuna watu waliochunguza swali hili kwa karne nyingi: wapanda farasi. Kazi yao ya kufundisha farasi na mpandaji inaitwa dresaji, na tangu 1912 iko ndani ya Michezo ya Olimpiki. Kwetu farasi hawaonekani, sababu ya nzi ya tsetse. Ugonjwa anaoleta unaua farasi upesi, na kimoja cha vidudu vyake kimepewa hata jina la nchi yetu, Trypanosoma congolense. Mfalme Leopold II alitafuta njia ingine: 1879 alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa karibu na Dar es Salaam ili watembee mpaka Tanganyika. Wote wakafa. Nyuma yake ndipo wakaanza kufundisha tembo wa kwetu wenyewe, kule Api, kisha Gangala-na-Bodio, upande wa Uele. Maniema ilibaki na miguu, kinga, na leo pikipiki.

Jambo la kwanza ambalo mwalimu wa dresaji anaangalia ni mstari. Ukimtazama mpandaji kwa ubavu, sikio, bega, kiuno na kisigino vinapaswa kusimama kwa mstari mmoja wa wima. Kisha anaangalia kama kiuno kinacheza. Mpandaji aliyekakamaa anarushwa kila hatua, na farasi naye anakaza mgongo. Ndiyo maana mwanafunzi anazungushwa muda mrefu kwa kamba ndefu, bila kushika hatamu, na mara ingine bila mahali pa kukanyaga, mpaka mwili uache kuogopa. Makasi si ndiyo yanamshikilia. Lis Hartel wa Denmark alipata polio 1944, miguu yake chini ya magoti haikupona. Walikuwa wanamsaidia kupanda na kushuka. Lakini 1952 kule Helsinki alichukua medali ya fedha, na 1956 akaichukua tena. Alikuwa anaongoza farasi kwa uzito wa mwili na kwa mgongo.

Tusidanganyane hata hivyo: pikipiki si farasi. Kwa dresaji mpandaji anabaki ameketi ndani kabisa ya kiti. Wewe ukibaki umeketi hivyo kwa shimo, utaumia. Unachochota kule ni ulaini, si kuketi.

Kwa njia nzuri, keti wima, matako karibu na tangi, tumbo limekazwa kidogo tu. Magoti yakumbatie tangi bila kulibana kwa nguvu. Ukiona shimo, weka uzito kwa miguu, inua matako kidogo, magoti yakunjwe. Ukiwa peke yako unaweza kusimama kabisa. Ukiwa na abiria, kuinuka kidogo inatosha, na mwambie mbele ya kufika: mtu asiyejua shimo linakuja anakaza mwili wote.

Mikono ndiyo inasema ukweli. Shika gidoni kama unashika kifaranga cha kuku: asikimbie, asife. Viwiko vikunjwe, vitoke nje kidogo. Motari ambaye mikono imenyooka kama fimbo, kila pigo la gurudumu linafika mpaka kwa shingo, na kwa matope gidoni inamkataa. Macho yaende mbali, si kwa gurudumu la mbele. Na upumue! Mtu anayezuia pumzi kwa kila shimo amekwisha kukauka mbele ya kufika nusu ya njia.

Mzigo nao unaharibu mkao. Bidoni zikifungwa juu na nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, gidoni inaanza kucheza, na motari anaikaza bila kujua. Zifunge chini, pande zote mbili sawasawa. Abiria akae karibu na wewe, ainame upande unaoinama wewe.

Mbele ya kuondoka, na kila mara unaposimama kwa kivuko ao kwa kununua maji, chukua dakika mbili. Zungusha mabega. Zungusha kiuno mara kumi kila upande. Chuchumaa, visigino vikiwa chini kabisa, uhesabu mpaka thelathini. Kisha peleka mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, sukuma kiuno mbele polepole mpaka usikie paja la nyuma linavutika. Hiyo ya mwisho ni ya lazima: misuli ya mbele ya kiuno inafupika kwa mtu anayekaa siku nzima, na inavuta mgongo. Wenzako watacheka. Acha wacheke.

Maumivu ya kawaida yanapungua kwa kupumzika na kwa kutembea. Kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Lakini maumivu yakishuka mguuni mpaka chini ya goti na mguu ukikosa nguvu, mwone muganga. Na ukisikia ganzi katikati ya mapaja, ao mkojo ukikataa kutoka, ao ukitoka wenyewe, hiyo si kazi ya kukandwa na mafuta. Ni hospitali siku ile ile, na usijipeleke wewe mwenyewe kwa pikipiki: mwenzako akuendeshe, polepole.